Ukiuona Uso wa Dereva

Sketi ya Nidia ilinaswa na cheni Jumapili asubuhi, katikati ya barabara kuu, mbele ya nusu ya watu wa Bogotá. Magari yalikuwa yamefungiwa njia kama kila Jumapili, na lami yote ilikuwa mali ya miguu na magurudumu: wazee na mbwa wao, watoto wanaojifunza kuanguka, vijana wanaokimbia kifua wazi ingawa baridi ya mlimani ilikuwa inauma masikio. Kila mtu alikuwa na furaha yake. Nidia peke yake alikuwa amezishika breki zote mbili kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima, huku pindo la sketi yake ya rangi ya haradali, aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, likizidi kumezwa na cheni.

"Usivute, bibie," sauti ilisema pembeni yake. "Ukivuta ndiyo unaishibisha."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua na mashavu mekundu ya watu wa milimani, mkononi ana arepa, mkate wa mahindi wenye jibini, aliyoing'ata mara moja tu.

"Nisivute nifanyeje? Nivue?"

"Mimi sijasema hivyo." Mashavu yakazidi wekundu. "Hebu nishikie hii."

Akampa arepa, akapiga goti kwenye lami, akalinyanyua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kinyumenyume, polepole. Cheni ikaitema sketi kidogokidogo. Ilitoka na doa jeusi la grisi na kitundu kimoja, lakini ilitoka.

"Kwetu Boyacá maziwa tulikuwa tunayapeleka kwa baiskeli," alisema akijifuta mikono. "Sketi zote za mama yangu zilikuwa na alama hiyo. Mwishowe akawa anabana pindo kwa kibanio cha kuanikia nguo."

"Kwa hiyo za mama yako unazijua zote, na sasa unaijua na yangu."

Nyuma yao alisimama Bi Ofelia, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ngumu ya pinki na sauti ya mnadani. Huyo ndiye aliyeanzisha Mbayuwayu, kundi la wanawake wa mtaani wanaoendesha baiskeli pamoja, na kwa desturi ya kundi lake kiongozi hakai mbele. Hukaa nyuma kabisa, akimsindikiza aliye mzito wa mwendo kuliko wote, na wenzake humwita fagio. Siku hiyo mzito alikuwa Nidia. Lakini Bi Ofelia alipoona mwanamume amepiga goti, aliona kamba za viatu vyake zinahitaji kufungwa upya, tena kwa makini sana.

Kwenye makutano ya mbele, basi lililokuwa linasubiri kuvuka likapiga honi.

Nidia aliruka. Arepa ikaanguka chini. Mikono yake ikaanza kutetemeka kuanzia vidoleni hadi mabegani, naye akaificha chini ya sweta kama mwizi anayeficha kitu.

"Samahani. Chakula chako."

"Achana na chakula. Unatetemeka."

"Ni basi tu." Nidia alilionyesha kwa kidevu. "Mwaka juzi moja lilinipiga bega kwa kioo. Nikaanguka mtaroni. Na dereva hakusimama! Hata uso wake sikuuona. Tangu siku hiyo sipandi basi, baiskeli ndiyo kwanza nimeigusa leo, kazini naenda kwa miguu. Nakwambia, kaka yangu, nikikutana na dereva wa basi peponi nitaomba nihamishwe."

Mwanamume yule alikuwa amefungua kinywa kusema jambo. Akakifunga.

"Unaitwa nani?" Nidia aliuliza.

"Arcadio."

"Na kazi?"

"Niko... kwenye karakana moja, huko mwisho wa barabara."

"Fundi?"

Arcadio akainama, akaokota arepa yake, akaipuliza vumbi, akaing'ata. Hakusema ndiyo wala hakusema siyo. Uongo mwingi wa mapenzi huanza hivyohivyo, mdomo ukiwa umejaa.

*

Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale, koti lile lile, na mfukoni ana kibanio kipya cha mbao alichokipaka rangi nyekundu. Alikibana mwenyewe kwenye pindo la sketi ya Nidia bila kugusa mguu, kwa heshima ya mtu anayewasha mshumaa kanisani.

"Watu wengine huleta maua," Nidia alisema.

"Maua yanaingia kwenye cheni."

Yurani, rafiki yake Nidia na mwenzake wa cherehani kiwandani, ndiye aliyemburuta kwenye kundi lile. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. "Shoga, huyu usimwache! Huyu ni wa kuolewa naye!"

Wanaume hawaruhusiwi kuendesha na Mbayuwayu, hivyo Arcadio alikuwa anawasubiri mwisho wa safari, kwenye duka la mikate, mbele yake vikombe viwili vya agwapanela, maji ya moto ya sukari guru, na vipande vya jibini. Nidia alikuwa anafika jasho la hofu limemkaukia mgongoni. Ile ilikuwa barabara isiyo na magari, na bado alikuwa anaogopa. Aliogopa vifuniko vya mitaro vilivyolowa, aliogopa milango ya magari yaliyoegeshwa kando, na zaidi ya yote aliogopa mgongo wake mwenyewe, kwa sababu mgongo hauna macho.

Bi Ofelia hakumwonea huruma. Huruma, alikuwa anasema, haijawahi kumfundisha mtu breki.

"We Nidia! Breki ya mbele peke yake kwenye maji itakutupa kama gunia. Shika zote mbili, shika mapema. Na usiendeshe umebanana na magari yaliyosimama, acha nafasi ya mlango mzima kufunguka, ndani kuna mtu anatafuta simu yake, hana habari na wewe." Walipofika kwenye makutano alimsimamisha kando ya basi lililokuwa linasubiri. "Sasa sikiliza, hili ndilo la kufa na kupona. Ubavuni mwa basi ndiko makaburini. Usijipenyeze hapo. Tazama kile kioo chake. Ukiuona uso wa dereva mle ndani, naye anauona wako. Usipouona, kwake yeye hujazaliwa."

"Na nikiuona halafu bado nikaogopa?"

"Ogopa, mwanangu. Lakini ogopa ukiwa unaonekana."

Nidia aliinua macho. Ndani ya kioo kulikuwa na masharubu ya mtu asiyemjua, na mtu huyo akamkonyeza. Alirudi nyuma upesi mpaka akaikanyaga baiskeli ya Yurani.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kiwandani cherehani ya Nidia ilianza kushona mistari iliyopinda, na simu ikilia mara ya kwanza tu anaipokea.

"Halo, mama sketi."

"Halo, bwana arepa. Umekula?"

"Nimekula mate nikikuwaza. Uko wapi, malkia?"

"Nashona mikono ya magauni ya shule. Wewe mbona kuna kelele hivyo?"

"Karakana."

Nyuma ya sauti yake kitu kikapumua pshhh, na mwanamke mmoja akasema kwa hasira, "Nashuka hapa, jamani!"

"Nani huyo anashuka?"

"Redio," alisema.

Nidia akacheka. Mtu akipenda masikio yake huwa mapole sana. Arcadio alimsindikiza jioni hadi mlangoni, akamsaidia mama yake Nidia kubadilisha balbu, akala ajiako, supu ya kuku na viazi, sahani mbili na kusema ya tatu itakuwa ni ukosefu wa adabu, kisha akala. Alikuwa na mikono mizito iliyotulia, na alipomkumbatia, Nidia alihisi mgongo wake umepata macho. Lakini kila alipotaja neno basi, mikono ile ilikuwa inakakamaa. Nidia alidhani ni hasira kwa ajili yake. Akampenda zaidi.

*

Kulikuwa na sehemu moja tu iliyobaki. Kutoka kwao hadi kiwandani njia ya baiskeli ilikuwa nzuri, isipokuwa pale ilipokatika, chini ya daraja, ambapo kwa mitaa kadhaa ilibidi uingie barabarani na magari.

"Jumatano nitakwenda peke yangu," alimwambia Arcadio kwenye simu.

"Jumatano hii?"

"Bi Ofelia anasema niko tayari. Mimi nasema siko tayari. Ila nikisubiri kuwa tayari nitazeeka nikitembea."

"Utapita chini ya daraja saa ngapi?"

"Kabla ya saa moja. Kwa nini?"

"Ili nikuombee," alisema Arcadio. "Ukifika nipigie."

Jumatano kukawa na manyunyu, yale ya Bogotá yasiyojua kuacha. Nidia alivaa suruali ya kazi, koti la manjano na kofia ngumu, akakibana kibanio chekundu kwenye mguu wa suruali, akabonyeza matairi kwa kidole gumba kama alivyofundishwa. Njia ya baiskeli aliimaliza akiimba kwa sauti ya chini. Ilipokatika, wimbo nao ukakatika. Akageuza shingo, akanyoosha mkono, akaingia barabarani.

Alikuwa amepita jengo la kwanza aliposikia mngurumo nyuma yake.

Alijua ni basi kabla hajageuka, na kwa kuwa alijua, hakuweza kugeuka. Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huu haukuwa unyasi. Alisikia breki zikipumua. Aliona mwanga wa taa zake mbili ukitanda kwenye lami iliyolowa, na kivuli chake mwenyewe kikirefuka mbele ya gurudumu, chembamba, cha kuvunjika. Pita, aliomba. Pita basi, pita uniache. Basi halikupita. Alipopunguza mwendo, nalo lilipunguza. Alipokaza, nalo lilikaza. Huko nyuma magari yakaanza kupiga honi, moja, nyingine, kisha zote, na katika kelele ile Nidia hakusikia tena chochote isipokuwa moyo wake. Bega lililoumia likaanza kuwaka kana kwamba limepigwa jana. Linanifuata, aliwaza. Linanitaka mimi.

Akaigeuza baiskeli kwa nguvu kuelekea pembeni. Gurudumu likagonga ukingo, naye akaanguka kwa magoti na viganja juu ya njia ya watembea kwa miguu.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka, pshhh. Dereva akaruka chini, sweta la kazi, tai shingoni, kitambulisho kikining'inia kifuani.

"Nidia! Umeumia? Nidia!"

Alikuwa Arcadio.

Mvua ilikuwa inamdondoka puani, naye alikuwa amenyoosha ile mikono mizito iliyotulia. Nidia aliitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Niliomba wanibadilishie zamu ili—"

"Ni wewe uliyekuwa nyuma yangu muda wote?"

"Ili asikae mwingine. Nisingemruhusu mtu akupite karibu. Nilikuwa nimekukinga, mpenzi wangu, niliziba njia nzima..."

"Usiniguse!" Akavua kofia ngumu, akamrushia. Ilimpata kifuani kwenye kitambulisho. "Karakana! Redio! Umekaa kwa mama yangu, umekula sahani tatu, na ulikuwa ni wewe!"

Madirisha ya basi yalikuwa yamejaa nyuso. "Mkumbatie twende, bwana dereva, tunachelewa!" mzee mmoja alipiga kelele. "Mwache, huoni analia?" mwanamke mwingine akamjibu. Nyuma honi zilikuwa zinaendelea. Nidia aliinyanyua baiskeli yake na kuisukuma hadi kiwandani, magoti yakivuja damu ndani ya suruali, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

*

Alipigiwa simu, hakupokea. Alitumiwa ujumbe, akaufuta kabla ya kuusoma, kisha akajuta, kisha akakasirika kwa kujuta. Baiskeli aliiegemeza ukutani nyuma ya mlango na kuifunika shuka kama maiti. Akarudi kwenye kutembea.

"Mimi sikuelewi," Yurani alisema akiuma uzi kwa meno. "Wanaume wengine wanakulinda kwa maneno. Huyu kakulinda kwa basi zima na abiria ndani."

"Kanidanganya."

"Kakudanganya, ndiyo. Mnyime chakula wiki moja, halafu msamehe kama watu wote."

"Yurani, wewe hukuwa pale. Mimi nilijua nakufa. Nilijua kabisa. Na aliyeniua alikuwa yeye." Sindano ilikuwa imesimama hewani mkononi mwake. "Kila nikifumba macho naona zile taa mbili. Nitalalaje karibu na mtu huyo? Akinikumbatia nitasikia breki."

Yurani akamwondolea ile sindano mkononi.

Na Nidia alimpenda, huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Angekuwa hampendi, hofu ingekuwa nyepesi, angeitupa pamoja na mtu wake. Sasa vyote viwili vilikuwa vimekaa chumba kimoja, na alijua kimoja kitakifukuza kingine. Aliogopa kwamba kitakachobaki ni hofu.

Jumamosi moja asubuhi mlango uligongwa. Bi Ofelia alikuwa amesimama nje na kofia yake ya pinki, baiskeli ubavuni.

"Vaa. Kuna yadi ya mabasi imetuita. Madereva wao watapanda baiskeli wapitwe kwa karibu na basi, waonje wanachotupa sisi. Halafu na sisi tutakaa kwenye viti vyao."

"Siendi, Bi Ofelia. Nitafia hapo hapo."

"Sikukuuliza." Bi Ofelia aliingia, akalivuta shuka, akayabonyeza matairi, akakunja uso, akatoa pampu. "Mimi ni fagio. Fagio halirudi nyumbani kama kuna mtu amebaki nyuma, na wewe umebaki nyuma tangu Jumatano ile. Nimechoka kukungoja, mwanangu, miguu inaniuma."

"Yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo. Na hujui hili: yeye ndiye aliyekwenda kwa wakubwa wake akawaomba watuite. Wamemcheka mpaka wamechoka."

Walikwenda kwa njia za nyuma, Nidia katikati, Yurani mbele, fagio nyuma.

*

Yadi ilikuwa na harufu ya dizeli na sabuni. Mabasi yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu, marefu, yamezimwa, na bado Nidia alipita mbele yake akiwa amejibana kama anayepita kwenye zizi la mafahali. Baiskeli kadhaa zilikuwa zimefungwa kwenye vyuma ili zisiende popote. Madereva walikuwa wanataniana kwa sauti kubwa, jinsi wanaume wanavyofanya wanapoambiwa wafanye jambo la wanawake.

Arcadio hakuwa anataniana. Alikuwa amekwisha panda, mikono kwenye usukani wa baiskeli, amekonda kidogo. Alimwona Nidia na kushusha macho. Suruali yake ya kazi ilikuwa pana, mguu wa kulia unapepea karibu na cheni.

Nidia akang'oa kibanio chekundu kwenye mguu wake. "Mpelekee yule mjinga," alimwambia Yurani. "Asije akatuharibia baiskeli ya watu."

"Mpelekee mwenyewe."

"Yurani!"

Yurani akaenda. Arcadio alikipokea kibanio kile kwa viganja viwili, akajibana. Hakutabasamu, lakini masikio yalimgeuka rangi.

Kisha basi likawashwa. Lilizunguka yadi, likaja nyuma ya madereva wale kwa mwendo wa mjini, na kupita karibu kiasi kwamba mtu angenyoosha mkono angeligusa. Upepo wake ukawalaza pembeni. Wale wa kelele waliacha kelele. Mmoja alipiga ishara ya msalaba, mwingine alitukana mama wa dereva mwenzake kwa sauti ya mtoto. Arcadio alifumba macho, na midomo yake ikawa myeupe. Nidia alijua anasikia nini. Alijua hata bega gani linawaka. Alijikuta amesogea hatua mbele bila kuamua.

"Zamu ya kina mama!" alisema mwalimu wao, mama mnene mwenye filimbi. "Nani anaanza? Wewe wa koti la manjano."

"Mimi hapana."

"Wewe ndiyo," alisema Bi Ofelia, na kumsukuma kiunoni.

Alipanda ngazi tatu, moja baada ya nyingine. Kiti kilikuwa juu kuliko alivyodhani. Usukani ulikuwa mkubwa kama meza, na mbele yake kioo kipana kilichojaa anga. Injini ilikuwa imezimwa, lakini aliogopa kugusa chochote, asije akaua mtu.

"Tazama kioo cha kulia," alisema mwalimu kutoka chini. "Unamwona nani?"

Nidia alitazama. Aliuona ukuta, ndoo, mkia wa basi la jirani. "Hakuna mtu."

"Tazama vizuri."

"Nimeshasema hakuna mtu! Hakuna!"

"Inua mkono," mwalimu akamwambia mtu fulani. "Na sasa?"

"Hakuna."

Aliinuka, akashika nguzo, akaenda mlangoni.

Arcadio alikuwa pale. Alikuwa amesimama ubavuni mwa basi na baiskeli yake, karibu na gurudumu la mbele, mkono mmoja juu, karibu kiasi kwamba Nidia angeweza kumvua kofia. Alikuwa pale muda wote.

Nidia akakaa kwenye ngazi.

"Ningekuua," alisema.

"Ndiyo."

"Ningewasha gari na kuondoka, na nisingejua."

"Ndiyo." Arcadio alishusha mkono. "Mimi kila ninapoondoka kituoni naogopa hivyo, Nidia. Kila kituo. Usiku naota nimesikia kitu kikigonga, nashuka, natafuta chini ya basi. Sikukwambia, kwa sababu dereva anayesema anaogopa hapewi basi. Halafu ukanitajia habari ya peponi, nikazidi kunyamaza. Hapo nilikosa. Na Jumatano ile nilikosa tena, nilikulinda kwa kitu kile kile unachokiogopa. Nilidhani ukiwa mbele yangu, angalau siku moja nitakuwa na uhakika kwamba naona."

Nidia alilia, si kwa sauti, machozi tu yalishuka na kuingia kwenye kola. "Aliyenigonga mimi... labda hakuniona."

"Labda hakukuona."

"Na labda aliniona, akaondoka."

"Na labda alikuona. Mimi simtetei."

Jibu lile ndilo alilolihitaji. Angemtetea, Nidia angeshuka na kwenda zake. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akainuka, akarudi kwenye kiti kile kirefu. Akakikazia macho kioo cha kulia.

"Rudi nyuma!" alipaza sauti.

"Nini?"

"Wewe rudi nyuma, na baiskeli yako! Tena. Tena, usiwe mvivu! Kidogo kulia..."

Kwanza ulitokea mkono, kisha bega, kisha kofia. Kisha ndani ya kioo ukaingia uso mzima, mdogo, mashavu mekundu, macho yamejaa wasiwasi yakimtafuta.

"Hapo! Simama hapo. Unaniona?"

"Nauona uso wako," Arcadio alijibu.

"Basi na mimi nakuona. Usitoke hapo."

"Nisitoke mpaka lini?"

Nidia hakuondoa macho kwenye kioo. Madereva walisogea karibu, Mbayuwayu walisogea, hata Yurani.

"Nidia!" Sauti ya Arcadio ilikatika katikati, naye akaianza upya. "Naogopa kukuuliza hapa mbele za watu. Nikuoe?"

"Mama yangu!" akasema Yurani.

Mikono ya Nidia ilikuwa juu ya usukani. Alitafuta sauti, haikuja. Basi akaweka kiganja chake katikati ya usukani, akaibonyeza honi aliyokuwa akiiogopa kila mchana. Ililia yadi nzima. Alishtuka mwenyewe, akaruka kitini, lakini mkono hakuuondoa.

"Jamani!" Bi Ofelia alipiga kelele, ameziba masikio. "Hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Ndani ya kioo Arcadio alikuwa anacheka na kulia, na hakusogea hata kidogo pale aliposimamishwa.